Daftari Lisilo na Karani

Siku ya Jumatatu, tarehe 20 Oktoba, 2025, ilipokuwa saa 3.48 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, jina moja lilipotewa na anwani zake katika mitambo ya kampuni ya Amazon iliyoko Virginia, Marekani. Mtambo wenyewe haukufa. Umeme haukukatika, waya haukukatwa, wala hapakuwa na adui aliyevunja mlango. Jina lilibaki tupu, na kila kompyuta iliyouliza mwenye jina hilo yuko wapi haikupata jibu.

Kwa ajili ya jina hilo moja, watu wa Uingereza walipata taabu kuzifikia akaunti zao katika benki ya Lloyds, ofisi ya kodi ya nchi hiyo ikasumbuka, na watu wengi wa nchi mbalimbali wakakuta programu za Snapchat na Signal hazifanyi kazi. Jina lilirudishiwa anwani zake saa 6.25 mchana. Lakini madhara yalikuwa yamekwisha kuenea, na kazi ya kuyaweka mambo yote sawa haikumalizika ila baada ya saa sita ya usiku.

Tumeona yafaa tulizungumze jambo hili, si kwa kuicheka kampuni ya Amazon, bali kwa sababu katika nchi zetu ofisi za serikali, mabenki, vyuo vikuu na mashirika yanajijengea mitambo ya namna hiyo, na wakuu wake wanashauriwa ya kwamba kazi ya kugawa majina na anwani sasa ifanywe na mashine zenyewe, pasipo mkono wa mtu. Sisi twaliafiki shauri hilo. Lakini twaliafiki kwa masharti, na masharti hayo hayaandikwi katika karatasi za wauzaji.

Kwanza tufahamiane. Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina anwani, nayo ni tarakimu tupu, mathalani 10.4.17.200. Binadamu hawezi kukumbuka tarakimu za mashine elfu, kwa hiyo mashine hupewa majina, na liko daftari liitwalo DNS ambalo kazi yake ni kujibu swali moja: mwenye jina hili anakaa wapi? Mgeni aingiaye mtaani na kumwuliza balozi wa nyumba kumi hafanyi jambo lililo tofauti. Analo jina la mwenyeji wake. Balozi ndiye aijuaye nyumba. Balozi akikosea, mgeni atalala nje, hata kama mwenyeji yumo ndani, taa inawaka, na chakula ki tayari.

Zamani daftari hilo liliandikwa kwa mkono. Katika mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti, majina yote yaliwekwa katika faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa na ofisi ya mama mmoja, Elizabeth Feinler, huko Menlo Park, California. Mwenye kompyuta mpya alipeleka habari zake kwa ofisi hiyo, makarani wakaandika, na wengine wote wakanakili faili. Mambo yalikwenda vema mashine zilipokuwa chache. Zilipofika mamia, faili ilikuwa imechakaa kabla wino haujakauka, kama ingekuwa na wino. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitangaza mpango wa DNS, ambao kwao kila eneo hutunza daftari lake na kulijibia. Mwaka 1993 ukaja utaratibu wa DHCP, wa kuipa mashine anwani pale inapowashwa, na mwezi Aprili 1997 ikawekwa kanuni ya kuziruhusu programu kuandika zenyewe katika daftari la majina. Kwa hiyo neno hili la mashine kujiandikisha si jipya. Lililo jipya ni wingi na kasi.

Wingi huo watokana na kile kiitwacho wingu binafsi. Wingu hili halina mvua. Ni chumba cha kompyuta kubwa, mali ya ofisi moja na kwa matumizi ya ofisi hiyo, ambamo kompyuta moja ya chuma hugawanywa kwa programu zikawa mashine pepe kumi, ishirini au zaidi. Mtumishi ahitajiye mashine haandiki barua ya kuomba inunuliwe. Anabonyeza, nayo yazaliwa kwa dakika chache. Kazi ikiisha, yafutwa. Mojawapo ya programu za kuendeshea mawingu hayo ni OpenStack, iliyoanzishwa mwaka 2010 na shirika la NASA pamoja na kampuni ya Rackspace, na ambayo CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva, kimeitumia tangu mwaka 2013. Ndani yake imo sehemu iitwayo Neutron, yenye kugawa anwani, na nyingine iitwayo Designate, yenye kuandika majina.

Tusidhani ya kwamba shida ni uchache wa anwani. Kwa kanuni ya Februari 1996 zimetengwa anwani maalum kwa mitandao ya ndani, na fungu lake kubwa, lile lianzalo na 10, lina anwani 16,777,216. Hakuna wizara wala benki ya kwetu itakayozimaliza. Shida ni uandishi wa daftari.

Katika ofisi nyingi daftari la anwani ni jedwali la Excel. Mtu aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha mitambo analijua jedwali hilo. Lina rangi tatu ambazo maana yake aijua mtu mmoja, naye yuko likizo. Lina nakala mbili zisizolingana. Fundi mmoja ameona anwani fulani haina mwenyewe, ameichukua, akasahau kuandika. Fundi wa pili naye ameiona tupu, akaichukua. Hapo mashine mbili zagombea anwani moja, majibu yaenda mara kwa hii mara kwa ile, na mwenye zamu huamshwa saa nane za usiku kutafuta ugonjwa ambao ukiutazama unatoweka, ukigeuka unarudi.

Lililo baya zaidi ni la marehemu. Mashine imefutwa, lakini jina lake limebaki daftarini, na ruhusa zake za kupita katika ukuta wa usalama zimebaki vile vile. Baada ya miezi miwili anwani ile ile yapewa mashine ngeni, ya mradi mwingine, na mgeni huyo arithi milango yote iliyofunguliwa kwa ajili ya marehemu. Programu ya mishahara huweza kupeleka habari za watumishi kwa mashine isiyohusika, nayo ikaamini imefika nyumbani. Katika wingu ambamo mashine mia huzaliwa na mia hufa kwa siku, hakuna karani, hata awe hodari namna gani, awezaye kuwafuata wote kwa jedwali.

Kwa hiyo twasema bila kusita ya kwamba kazi hii ifanywe na mashine. Mashine pepe inapozaliwa, programu ichukue anwani katika fungu lake, iiandike katika daftari moja lililo la kweli, iandike jina kwa anwani na anwani kwa jina, na mashine inapokufa iyaondoe yote mawili pamoja na ruhusa zake. Anayetaka fundi afanye kazi hii kwa mkono, kwa hofu ya mashine, amtesa fundi bure.

Sasa turudi Virginia, maana yaliyotokea kule ndiyo masharti yetu. Wingu la Amazon ni la kukodi kwa kila mwenye fedha, wala si binafsi, lakini kazi iliyoharibika ni ile ile. Kampuni yenyewe ilieleza habari hizo waziwazi, na kwa hilo yastahili shukrani.

Walikuwa na programu ya kupanga, ambayo kila mara hutazama mitambo ipi ni mizima na kuandika mpango mpya wa anwani. Kisha walikuwa na programu za kutekeleza, tatu, kila moja mahali pake na isiyoitegemea nyingine, ili moja ikianguka mbili ziendelee. Tuseme ni makarani watatu wa daftari moja. Siku ile karani mmoja alichelewa mno. Mwanzoni alikuwa amehakikisha ya kwamba mpango alioushika ni mpya kuliko ule uliokuwa ukitumika, na kweli ulikuwa mpya. Lakini wakati akijikokota kutoka mstari hadi mstari, mipango mingine mingi ilikwisha kuandikwa, na karani wa pili alikuwa ameshika ulio mpya kabisa na kuutekeleza upesi. Alipomaliza, karani huyu wa pili akaanza kazi yake ya kufagia mipango iliyozeeka. Saa hiyo hiyo yule mzito akaufikia mstari wa jina lile kuu, na akauandika mpango wake wa kale juu ya mpya. Mwenye ufagio akauona mpango wa kale sana, akaufuta, kama alivyoagizwa. Naam, ndio uliokuwa ukitumika. Anwani zote za jina zikaondoka pamoja nao, na daftari likabaki katika hali ambayo hakuna karani hata mmoja wa mashine aliyeweza kuliandika tena.

Yafaa msomaji atazame jambo hili kwa makini. Hakuna aliyevunja kanuni. Mzito alikuwa amehakikisha. Mwenye ufagio alifuta kilichozeeka. Kila mmoja alitii agizo lake mpaka neno la mwisho, na kwa utii wao jina likapotea. Kosa lilikuwa katika nafasi iliyo baina ya kuhakikisha na kutenda, nafasi ambayo siku zote huwa fupi, na siku moja ikawa ndefu. Aliyelirudisha jina alikuwa binadamu, kwa mkono. Baadaye Amazon ikazizima programu hizo za kupanga na kutekeleza duniani kote, ili zisiwashwe mpaka kasoro itakapoondolewa.

Habari ya pili twaikumbuka sote, kwa kuwa ilitukuta katika simu zetu. Tarehe 4 Oktoba, 2021, jioni kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram vilinyamaza kwa muda wa karibu saa sita. Mitambo ya kampuni hiyo ni yake mwenyewe na kwa kazi zake mwenyewe, na kwa maana hiyo yakaribia zaidi kile tunachokizungumza. Katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri iliyokata njia kuu baina ya vituo vyao vya data. Ilikuwapo programu ya kuzikagua amri za namna hiyo na kuzizuia, nayo ilikuwa na kasoro, ikaiacha ipite. Seva zao za majina, ambazo ziliagizwa kujiondoa katika intaneti zikiona haziwezi kuzungumza na vituo vya data, ziliona ndivyo, zikajiondoa. Zote. Seva zilikuwa nzima, na njia ya kuzifikia haikuwapo.

Mafundi walipotaka kutengeneza, vyombo vyao vya kutengenezea navyo vilikuwa vikitegemea majina hayo hayo. Ikawabidi wapeleke watu kwa miguu yao mpaka vituoni, na kule vituoni ulinzi ulikuwa umewekwa imara kusudi mtu asiingie na kugusa mitambo kwa wepesi. Basi ufunguo wa nyumba ulikuwa umefungiwa ndani ya nyumba.

Wala isidhaniwe ni mambo ya wakubwa wenye mitambo ya ajabu tu. Mwezi Oktoba 2009, huko Sweden, programu ndogo ya kuandalia daftari la majina ya nchi nzima ilisahau nukta moja mwishoni mwa kila jina, na majina yote ya nchi hiyo, ambayo ni mamia ya maelfu, yakawa hayapatikani mpaka nukta iliporudishwa. Karani wa mkono naye husahau nukta. Lakini husahau moja, si laki kadhaa kwa pumzi moja.

Sharti letu la kwanza, basi, lahusu ufagio. Mashine iruhusiwe kuandika jina jipya bila kumwuliza mtu, kwa kuwa jina la ziada halimdhuru mtu upesi. Kufuta ni jambo lingine. Programu ikatae kabisa kuiondoa anwani ya mwisho ya jina linalotumika, hata iagizwe na nani. Iulize "linatumika?" wakati ule ule wa kufuta, si robo saa kabla. Na ikiona ya kwamba kwa mkupuo mmoja yataka kufuta majina mengi kuliko kawaida ya siku, isimame na kumwita mwenye zamu. Wauzaji watasema hayo yachelewesha kazi. Ni kweli, yachelewesha, na sisi twataka yacheleweshe.

Pili, mlango wa nyuma. Anwani za mashine zilizo muhimu ziandikwe katika karatasi, karatasi ifungiwe kabatini, na mwenye zamu awe na ufunguo wa kabati. Twajua wako watakaotucheka kwa kutaja karatasi katika habari za wingu. Na wacheke, siku majina yatakapopotea hawataweza hata kuifungua barua-pepe ya kuuliza karatasi iko wapi. Aidha, vyombo vya kulitengenezea daftari visitegemee daftari lenyewe.

Liko pia jambo la uaminifu, ambalo mashine haliponyi. Hapa Afrika tunao ushahidi wetu wenyewe. AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius, ndilo ligawalo anwani za intaneti, zile za hadharani, kwa bara letu zima. Mwaka 2019 ilifichuka ya kwamba kumbukumbu zilichezewa, na ukaguzi wa shirika lenyewe ukaonyesha baadaye anwani zaidi ya 4,000,000 zilizochukuliwa isivyo halali. Anwani hizo ni mali, zina bei sokoni. Lau daftari lile lingalikuwa la kujiendesha lenyewe, uongo ungalienea kwa haraka zaidi na kwa sura ya kuaminika zaidi. Kwa hiyo kila badiliko liandikwe limefanywa na nani, lini, na kwa idhini gani, liwe limefanywa na mtu au na programu. Na kumbukumbu hiyo itunzwe mahali ambapo mwenye kuliandika daftari hawezi kuifikia.

Twaja sasa kwa wafanyakazi. Wako wakuu wa idara ambao wakisikia mashine yaweza kujiendesha, swali lao la kwanza ni watumishi wangapi wapunguzwe. Hesabu hiyo ni mbovu. Yule bwana wa jedwali la rangi tatu, ambaye tumemtania hapo juu, ndiye peke yake ajuaye ya kwamba mashine fulani ya kuchapia hundi haiwezi kubadilishwa anwani, kwa kuwa aliyeitengeneza aliipachika tarakimu ndani yake miaka kumi na mitano iliyopita. Programu haijui hivyo. Itaihamisha kwa adabu zote, na mwisho wa mwezi hundi hazitatoka. Ofisi imwondoayo mtu huyo siku inapoiwasha programu imeliuza daftari na kumfukuza balozi kwa pamoja.

Abaki, afundishwe, na awe ndiye mwenye kuziandika kanuni ambazo mashine itazifuata, kwa mshahara unaolingana na kazi hiyo. Tena si kubaki kwa jina tu. Mtu ambaye kwa miaka mitatu hajaandika rekodi moja kwa mkono hataweza kuiandika usiku wa msiba, simu zikilia na mkuu wa shirika amesimama nyuma ya kiti chake. Mara kwa mara, mchana na kwa taarifa, programu izimwe kwa saa moja, mafundi waendeshe daftari wenyewe, na yaandikwe yaliyowashinda. Vyama vya wafanyakazi katika mashirika yenye mitambo hiyo vingefanya vema kuliweka jambo hili katika mapatano kabla mkataba wa kununua haujatiwa sahihi. Baada ya sahihi, mlango huo kwa kawaida hufungwa.

Twalisema hili pia kwa wafanyakazi wenyewe, maana wako miongoni mwao walioshikilia jedwali kama ngao, wakiamini ya kwamba asiyefundisha mwenzake hafukuzwi. Jedwali halitawakinga, kwa kuwa kalenda imekwisha kupangwa.

Mwezi Aprili 2025, baraza la watoaji wa vyeti vya usalama wa tovuti na watengenezaji wa programu za kuzifungulia lilikubaliana kupunguza maisha ya vyeti hivyo kwa majina yote ya hadharani. Kwanza vilidumu siku 398. Tarehe iliyowekwa ya siku 200 ni 15 Machi, 2026. Ya siku 100 ni 15 Machi, 2027. Na ya siku 47 ni 15 Machi, 2029. Cheti kinapoombwa upya, mwombaji huweza kutakiwa kuthibitisha ya kwamba jina ni lake, na njia moja itumikayo sana ni kuandika neno maalum katika daftari la DNS. Tufanye ofisi yetu ina majina 300 ya hadharani, kila moja na cheti chake. Kwa utaratibu wa siku 398 ilihitaji vyeti karibu 275 kwa mwaka, jambo ambalo karani mmoja aliweza kulimudu huku akinywa chai. Kwa siku 47 ni zaidi ya 2,300, yaani zaidi ya tisa kwa kila siku ya kazi. Wakuu watakaoandaa makadirio ya fedha ya mwaka 2028/29 na waiweke hesabu hiyo mezani, na kando yake fungu la mshahara wa karani atakayekuwa zamu siku programu itakapokosea.